Filimbi ya Kavutha

Nikianza kucheka katikati mnivumilie, kwa sababu hii hadithi nimejaribu mara nyingi kuisimulia kwa uzito na sijawahi kufaulu. Mimi naitwa Evalyne, mwalimu wa darasa la nne hapa Kitengela. Mwaka wa 2004 nilikuwa na miaka thelathini na mbili, sijaolewa, na nilikuwa nimechoka kuulizwa. Kanisani waliniuliza. Sokoni waliniuliza. Hata yule mtu wa kuuza mafuta ya taa alikuwa ananipimia huku akiniuliza kama nangoja malaika. Sasa nilikuwa nimepata mtu, na si mtu wa kubahatisha. Aliitwa Tipape ole Katoo, Mmaasai wa Ewuaso Kedong, mwenye duka la dawa za mifugo kando ya barabara ya Namanga. Mrefu, mpole, na akicheka unasahau ulikuwa umekuja kununua nini. Nilimpenda huyo mtu vibaya sana. Nilikuwa naingia dukani kwake kununua dawa ya kupe na sina hata kuku.

Lakini kabla ya Tipape kulikuwa na somo langu la afya, na hilo pia nililipenda vibaya. Shule ilikuwa imefanywa ya bure mwaka uliotangulia na watoto walikuja kama maji ya mafuriko. Darasani mwangu walikaa watano kwa dawati la wawili, wanakoholeana shingoni, wanakula embe moja kwa zamu. Nikamwendea mwalimu mkuu, Bwana Waweru, nikamwomba kipindi cha Ijumaa mchana nifundishe watoto mambo ya mwili wao. Waweru alikuwa mtu wa hesabu. Aliniambia mtihani wa darasa la nane hauulizi mtoto kama amenawa. Mimi nina hasira za karibu, kila mtu anajua, na siku hiyo nilimwambia mambo mengine ambayo siwezi kurudia hapa. Mwishowe nilimwambia ya mama yangu. Mama alikohoa mwaka mzima tukimpa chai ya tangawizi, na katika watoto wake wote, tuliokuwa tunashika namba nzuri darasani, hakuna hata mmoja aliyejua kuuliza kwa nini mtu anakohoa mwaka mzima. Tulijua mito ya Ulaya. Tukamzika. Waweru akachukua ratiba, akanipa kipindi.

Basi nikafundisha. Kunawa mikono, funza, maji ya kuchemsha, na kikohozi. Kikohozi nilikifundisha kwa moyo wote: mtu akikohoa kupita wiki mbili, hiyo si baridi, apelekwe akapimwe. Na kwa sababu wavulana wangu walikuwa na mchezo wa kushindana kutema mate kupitia dirishani, nikafundisha mate pia, kwa ukali. Nikachagua askari wa afya, nikawapa beji za vifuniko vya soda. Mkubwa wao nikampa filimbi iliyotoka kwa kabati ya michezo. Akiona mtu anatema ovyo, anapiga.

Huyo mkubwa wao alikuwa Kavutha, mtoto wa ndugu yangu Muthama. Tuliishi nyumba moja, sisi na baba yangu, Mzee Mbaluka, aliyestaafu kutoka kiwanda cha simiti. Kavutha alikuwa na miaka tisa, na nawaambia, hakuna serikali imewahi kupata mfanyakazi kama huyo. Alimpigia filimbi mwenye bucha. Alimpigia pasta, kanisani, kwa kupiga chafya bila kufunika mdomo. Alimpigia babu yake kila alipotoka chooni bila kupitia kwa jerikeni ya maji, mpaka mzee akaanza kuzunguka nyuma ya nyumba akinyata. Akiwa nyumbani aliniita Anti, lakini akishavaa beji aliniita Mwalimu, na uso wake ulikuwa unabadilika. Mimi nilicheka sana wakati huo. Nilijiona nimefanya kazi.

Sasa ikafika siku ya wageni. Kwetu Wakamba bibi anakuwa bibi kwa mbuzi wa ntheo, mbuzi watatu, na bila hao unaweza kukaa na mtu hadi mpate wajukuu na bado watu wanasema hamjaoana. Wamaasai nao wana lao. Kwao mate ya mzee ni baraka. Mzee anakutemea kidogo kichwani, au viganjani, anakuombea kwa Enkai, Mungu wao, na bila hiyo hakuna bibi anayetoka kwao. Mimi na Tipape tulikuwa tumekubaliana kila mtu aletewe lake. Mbuzi wangu watatu, na mate ya baba yake. Kitu cha nusu siku, tuliona.

Walikuja Jumamosi na pickup, wazee wanne na mbuzi watatu, na sukari, na blanketi la baba. Uwanja ulikuwa umefagiwa mpaka udongo ulikuwa unang'aa. Mimi nilikuwa na nguo ya samawati iliyonibana mahali pazuri, na furaha ilinizidi hata nikamwaga chai mara mbili. Mzee Katoo alishuka kwenye pickup akiegemea fimbo. Alinisalimu, "Takwenya," nikamjibu, "Iko," kama nilivyofundishwa, na wazee wote wakacheka wakaridhika. Watoto wakaenda mmoja mmoja kuinamisha vichwa wakaguswa. Kavutha naye akainama vizuri, na beji yake kifuani, kwa sababu alikataa kuitoa. Mzee akamgusa kichwa. Halafu akakohoa.

Hakikuwa kikohozi cha vumbi. Kilitoka chini, kikamtingisha, akangoja kipite, akapangusa mdomo na shuka. Nilikisikia, lakini siku hiyo masikio yangu yalikuwa yameolewa tayari. Nikaenda kuongeza chai. Alikohoa tena wakati wa mchele, tena wakati wa nyama, tena wakati baba yangu akieleza vile nilivyozaliwa nikiwa mkaidi. Na kila alipokohoa niliona Kavutha amekaa kwenye kiti chake kidogo, hali chakula, anasikiliza.

Mambo yakaenda vizuri. Mbuzi wakapokelewa, wakafungwa kwa mti. Wazee wakaitikiana. Mzee Katoo akasimama, akaniita mbele, nikapiga magoti pale kwenye mkeka, Tipape kando yangu anatabasamu mpaka masikio. Nikainamisha kichwa. Nikamsikia mzee akianza maombi, wenzake wakimwitikia, "Naai, naai," na nikajua yale mate yanakuja, na nilikuwa na furaha hata nikataka kupiga kelele.

Nikasikia filimbi.

Jamani. Ilikuwa filimbi ya kumtoa mchezaji uwanjani. Mbuzi waliruka. Pasta, ambaye alikuwa ameizoea, alifunika mdomo mara moja ingawa hakuwa amefanya kitu. Nilipoinua kichwa nikaona Kavutha amesimama katikati ya mkeka, mkono mmoja juu, kati yangu na baba mkwe.

Mzee Katoo aliuliza kwa Kimaasai hiyo ilikuwa nini. Tipape akamwonyesha mtoto kwa kidole. Basi mzee akamgeukia mtoto mwenyewe, kwa Kiswahili, polepole, akamuuliza anataka nini.

"Babu, umeanza kukohoa lini?"

Alimjibu, sijui kwa nini alimjibu. Alisema kabla ya mvua.

"Basi lazima upimwe kwanza," Kavutha akasema. "Ukipimwa ndio uteme."

Ndugu yangu Muthama alikuwa ameshasimama kuja kumbeba atoke. Wazee walikuwa wananong'ona. Mmoja aliokota fimbo yake. Kumkataza mzee baraka ni kumwambia baraka zake hazitakiwi, na kama hazitakiwi, hakuna harusi, hata mtoto mdogo anaelewa hiyo. Baba yangu alianza kusema ni mchezo wa watoto, mambo ya shule, msijali. Wazee wakatulia kidogo, wakaniangalia mimi. Kila mtu akaniangalia mimi. Neno moja tu lilikuwa linahitajika. Ningecheka, ningesema huyu mtoto bwana, njoo hapa, na saa hiyo hiyo ningekuwa nimeolewa.

Kavutha akageuka. Macho yalikuwa yamejaa machozi, lakini mkono ulikuwa bado uko juu.

"Mwalimu, si ulisema?"

Nilimwangalia mzee, vile shingo yake ilikuwa imekonda ndani ya shanga. Nikamwona mama yangu na kikombe chake cha tangawizi. Nilitamani ardhi inimeze, na nguo yangu ya samawati nayo.

"Nilisema," nikasema.

Sitaeleza sana yaliyofuata. Mzee Katoo hakugomba, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kugomba. Alifunga shuka lake akaenda kukaa kwenye pickup. Wazee wakaanza kuwarudisha mbuzi, na hapo wa kwanza akapanda, wa pili akapanda, wa tatu akakata kamba akakimbilia kwa jirani yetu Naliaka, akaingia ndani ya sukuma wiki, na wanaume saba wazima na pasta wakashindwa kumshika. Naliaka alikuwa anawapiga wote na mwiko, mbuzi na binadamu, bila kuchagua. Mwishowe wazee wakachoka, pickup ikaondoka. Tipape alinipungia mkono kutoka nyuma, kidogo tu, hakujua kama anaruhusiwa.

Jioni mbuzi alirudi mwenyewe akalala mlangoni. Baba akatangaza kwamba mbuzi aliyebaki amebaki, na kwa hivyo jambo halijavunjika. Mimi nikamwambia ntheo ni mbuzi watatu na hapa kuna mmoja. Kwa hesabu ya Bwana Waweru nilikuwa nimeolewa theluthi moja. Nililia na kucheka mpaka nikapata kwikwi.

Kitengela nzima ilijua kabla ya ibada ya kesho yake. Na watu walikuwa na maoni. Wazazi walinisimamisha njiani kuniambia shule ifundishe hesabu na Kiingereza, mambo ya mwili mtoto atayajua kwao. Mama mmoja alisema mtoto akijua sana magonjwa anakosa heshima. Nilikuwa na hasira na dunia yote, na Jumatatu nikaenda kwa Waweru nikamwambia achukue kipindi chake cha Ijumaa, afundishe sehemu na asilimia, mimi na afya tumeachana. Alifurahi mpaka akaniagizia chai. Kavutha alikuja mezani pangu na filimbi mkononi. Alikuwa ameiosha na sabuni. Akaiweka, akarudi kukaa, na nyumbani akaacha kuniita Mwalimu na Anti pia. Aliniita Wewe.

Duka la Tipape likabaki limefungwa. Nilipita hapo asubuhi na jioni, najifanya naelekea kwingine, mpaka yule wa mafuta ya taa akaanza kunihurumia, na hiyo ilinikasirisha zaidi. Nilijua sitampata mwingine. Si kwa sababu ya umri, wacha hayo. Ni kwa sababu nilimtaka huyo.

Halafu siku moja nikiwa nasahihisha vitabu, mtu akasimama mlangoni mwa darasa akaziba mwanga wote. Ni Tipape. Watoto tisini wakasema shikamoo. Nikatoka nje na kalamu nyekundu mkononi, na alichoniambia alikisema kwa vipande vipande, mara anacheka, mara anafuta macho.

Mzee alikuwa ameondoka kwetu na hasira ya kimyakimya. Alisema ataenda kupimwa, apewe jibu kwamba yuko safi, alirudishe Kitengela aliweke mbele ya yule mtoto, ndipo ateme. Ngong ilikuwa karibu lakini alikataa. Alitaka Kajiado, hospitali kubwa, ili jibu pia liwe kubwa. Akafika huko, akajieleza, na muuguzi akampa kikopo kidogo akamwomba ateme ndani. Mzee alidhani anachekwa. Akaambiwa hapana, atoe kutoka chini kabisa ya kifua, na kesho asubuhi alete tena. Tipape alisema baba yake alikaa kwenye benchi na kile kikopo mkononi, akasema Kitengela wamemkatalia mate, na Kajiado wanayaomba mara mbili na kuyafunika na kifuniko kama asali. Benchi nzima ilicheka, wagonjwa wote, wakakohoa pamoja.

Jibu likaja. Kifua kikuu. Dawa ya miezi minane, bila malipo, na ataendelea kuishi. Muuguzi akamwambia pia kwamba ubaya haukuwa sana kwa baraka. Ubaya ni kukohoa usiku kucha ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Akamuuliza nani analala karibu naye. Na hapo, Tipape akasema, baba yake aliacha kufanya mzaha. Kwa sababu analala na mjukuu, Nashipae, wa miaka mitatu, ambaye alikuwa amekataa kunenepa tangu mvua, na wao wakasema ni jino.

Walirudi Ewuaso Kedong siku hiyo hiyo kumchukua. Nashipae naye alikutwa na kifua kikuu. Alikuwa ameanzishiwa dawa, na wiki hiyo alikuwa ameomba uji wa pili.

Nilimshika Tipape shingoni mbele ya shule yote, na kalamu nyekundu ikamchora shati lote mgongoni. Watoto walipiga makofi. Halafu nikakumbuka, nikamwacha hapo hapo amesimama, nikakimbia ofisini kwa Waweru kudai kipindi changu.

Alikataa. Alisema ratiba imeshapigwa chapa, na asilimia zinaendelea vizuri. Nilimwambia yangu yote, na hayakusaidia, na nafikiri ningekuwa bado namwambia hadi leo kama si Mzee Katoo mwenyewe kuja. Alikuja na fimbo yake wiki chache baadaye, akiwa ameshapewa ruhusa ya kutembea kati ya watu. Lakini alikuwa ameambiwa akae mahali pa upepo na alilishika hilo neno, kwa hivyo hakuingia ofisini. Waweru alitolewa nje na kiti chake, akakaa uwanjani juani, na madarasa yote yalikuwa kwenye madirisha. Akamweleza mzee kwa heshima kwamba shule inahesabiwa kwa alama. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "mtoto aliyekufa anapata alama ngapi?"

Waweru ni mtu wa hesabu, nimesema. Akatuma mtoto ofisini alete ratiba. Ijumaa hiyo nikarudishiwa kipindi changu, na mwezi uliofuata akaniongezea na Jumatano.

Mzee alipimwa tena, akaambiwa kohozi ni safi, na Jumamosi moja pickup ikarudi na wazee wale wale na mbuzi wawili. Yule wa tatu alikuwa amelishwa na baba yangu mpaka hakutoshea mlangoni. Nilivaa ile nguo ya samawati. Mzee Katoo alishuka bila fimbo, na Nashipae amekaa begani mwake, mashavu mawili mazima, anamvuta sikio. Nikapiga magoti kwenye mkeka. Tipape akapiga magoti. Mzee akatuangalia, halafu akatupita.

Akauliza yule askari yuko wapi.

Kavutha alikuwa amejificha nyuma ya Naliaka, bila beji. Akaletwa mbele. Mzee akamuuliza filimbi iko wapi, na mimi, nilivyo, nilikuwa nayo ndani ya mkoba tangu Jumatatu ile, nikampa Kavutha. Aliishika kama kitu cha moto.

"Nimepimwa," mzee akamwambia. "Niteme au nisiteme?"

Kavutha akamwangalia juu na chini. "Unakohoa?"

"Sikohoi."

"Dawa ya leo umemeza?"

"Nimemeza. Huyu pia amemeza."

Kavutha akaridhika. Kisha akainamisha kichwa chake mwenyewe, na mzee akamtemea baraka pale kwenye utosi, na wazee wakaitikia mpaka mbuzi wakaogopa. Baba yangu alinong'ona kwamba bibi harusi ni yule mwingine. Mzee alimsikia. Akanigeukia mimi, mkono wake ukiwa bado kwenye kichwa cha mtoto.

"Wewe nitakuombea uzae," akaniambia. "Huyu ameshanipa mmoja."

Nikainama, na baraka zangu zikaja, tena hakuzipima, zikashuka paji la uso mpaka puani, huku Tipape anacheka kando yangu na Nashipae anapiga makofi. Nilipoinua macho, Kavutha alikuwa amesimama mbele yangu na beseni na kipande cha sabuni, anangoja.

"Anti," akasema, "nimekuletea maji."

Nikamwambia angoje kidogo.